Kipimo Alichokikimbia Jurriën

Soko la Groningen, Uholanzi, lilikuwa limefurika Jumamosi ile. Fenna, ndani ya koti la mvua la kijani, alikuwa akitikisa kopo la michango tangu asubuhi. Fedha zilikuwa za utafiti wa mapafu ya wakazi wa mtaani kwao, waliozungukwa na viwanda.

"Dada, mkono utang'oka huo!" akaita muuza samaki mmoja mrefu. "Njoo ule."

"Sili mpaka uchangie."

"Nikichangia tutakula wote?"

"Changia kwanza, maneno baadaye."

Akatumbukiza noti. Aliitwa Jurriën, naye pia alizaliwa mtaa uleule. Kufikia kiangazi haikupita siku bila Jurriën kumpigia Fenna simu: "Umeamkaje, malkia wa kopo?"

Michango ikatosha kununua mashine ya kupima pumzi, watafiti wakawaita wakazi.

"Jumanne twende wote, mpenzi," Fenna akasema.

"Mimi siendi."

"Kwa nini?"

"Sitaki tu. Usinilazimishe!"

Tangu hapo Jurriën hakupokea simu zake. Jumanne ikapita, Fenna naye hakwenda. Moyo ulikuwa umemvunjika. Kumbe alikuwa akinichezea, aliwaza, hata ule mchango ulikuwa wa kuninasa tu.

Siku ya tisa simu ikalia.

"Fenna, niko hapa kituo cha afya. Nimepimwa."

"Sasa mimi inanihusu nini?"

"Baba alikufa kwa mapafu. Nami nakohoa tangu Januari. Niliogopa, Fenna. Sikutaka uje uniuguze kama mama alivyomuuguza yeye."

Fenna akaibana simu sikioni. "Wamesemaje?"

"Mazima! Kikohozi ni cha baridi ya sokoni tu."

Fenna alidaka baiskeli, akafika nywele zikiwa zimetimka. Jurriën alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. Fenna akampiga ngumi ya kifua, kisha akakilalia kifua hichohicho.

"Mjinga wewe! Siku tisa nalia!"

"Nisamehe, mama. Nilikuwa najihesabu maiti. Sasa naweza kukuuliza: utanioa?"

"Wanaooa ni wanaume, bwana."

"Basi nikuoe?"

"Ukiogopa tena utaniambia?"

"Wewe wa kwanza."

"Basi ndiyo," akasema, kicheko na machozi vikimtoka pamoja.

Muuguzi akachungulia. "Anayefuata nani?"

"Mimi," Fenna akasema, akamshika Jurriën mkono, wakaingia.