Kaka Anasubiri Jibu

Foleni ya malori ikiwa ndefu, Marita hufurahi. Madereva wa kwenda Zambia hukaa Tunduma siku mbili tatu wakisubiri kuvuka mpaka, na mtu anayesubiri lazima ale. Kila alfajiri Marita aliwasha mkaa mbele ya banda lake la chakula, akabandika chai, akakanda maandazi. Mchana alipika wali, ugali, maharage na dagaa. Majirani walimwita Mama Tumaini, kwa jina la binti yake. Madereva wa Zambia walimwita Bamayo, yaani mama, wakalipa kwa kwacha.

Banda lenyewe lilikuwa la kupanga. Kodi yake ilikuwa laki moja na ishirini kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mpigo. Safari hii alisema mapema.

"Tarehe moja mwezi wa kumi na moja, Mama Tumaini. Kuna kijana anataka kufungua duka la simu hapa, na fedha anazo mkononi. Sitaki tuje kulaumiana."

Marita na mumewe Hezron, fundi ujenzi, walikuwa wamejibana tangu mwezi wa tano. Nyama waliila kwa nadra. Mwezi wa kumi ulipoanza, laki saba na ishirini zilikuwa zimetimia, ziko kwenye simu ya Marita. Bila fedha hizo hakuna banda. Bila banda hakuna ada ya Tumaini.

Ndipo Kaka Enoka akapiga simu kutoka kijijini Itaka.

"Mdogo wangu, mwaka huu nataka kulima kweli kweli. Nimepata ekari mbili za kukodi, juu ya ile moja yangu. Nikopeshe laki sita nilipie shamba, ninunue mbegu na mbolea. Mwezi wa saba nikivuna nakurudishia zote."

Enoka alikuwa kaka mkubwa wa Marita. Baba yao alipofariki, Enoka ndiye aliyeacha shule akachunga ng'ombe wa watu, ili Marita amalize darasa la saba. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje huna?

"Nimekusikia kaka," akasema. "Ngoja nijipange. Nitakupigia."

Hakupiga.

Baada ya siku tatu Enoka akapiga yeye. Marita akaiacha simu iite mpaka ikanyamaza. Siku zilizofuata ikaita tena na tena. Kila mara akampa Hezron aipokee.

"Mwambie nimeenda Nakonde," akanong'ona. Nakonde ni mji wa upande wa pili wa mpaka.

Mara ya nne Hezron akasema hivyo, akakata simu, akamtazama mkewe.

"Wiki hii umekwenda Nakonde mara nne, Mama Tumaini. Ya tano watakudai ushuru."

"Usinichekeshe. Nifanyeje sasa?"

"Mimi sijui. Ni kaka yako. Nikisema usimpe, nitaambiwa nawachukia shemeji zangu."

Wiki ya pili ikaingia hivyo hivyo. Marita alipika huku roho iko juu. Siku moja alitia chumvi mara mbili kwenye maharage, dereva mmoja akarudisha sahani.

Siku hiyo Fausta alikuja kula mchana. Fausta alikuwa wakala wa fedha za simu. Kibanda chake kilitazamana na banda la Marita, na mchana akila alikaa mahali ambapo angeweza kukiona. Alikuwa pia katibu wa kikundi cha akiba cha akina mama wa mtaa, na mambo ya fedha alikuwa amefundishwa kwenye semina si moja wala mbili.

Simu ya Marita ikaanza kutetemeka mezani, karibu na sahani ya Fausta.

"Mwenzangu, simu inalia na wewe unaiangalia tu. Ni nani? Mchepuko?"

"Mchepuko wa nini! Ni kaka yangu."

"Umegombana naye?"

"Hata. Ananiomba fedha." Marita akaketi, akamweleza yote. Laki sita, ekari mbili, kodi ya banda, tarehe moja.

Fausta alisikiliza huku akila. Alipomaliza akasukuma sahani kando.

"Mama Tumaini, mimi wateja wangu siwataji kwa majina. Ila nimekaa kwenye kile kibanda miaka tisa. Fedha zinazokwenda kwa ndugu naziona kila siku. Zinazorudi nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja."

"Kwa hiyo ndugu zetu wezi?"

"Wezi wapi! Wengi wana nia ya kulipa. Lakini mvua inachelewa, mtoto anaugua, bei ya mahindi inaanguka. Mtu akikwama, anamlipa kwanza yule atakayekuja kumchukulia baiskeli. Ndugu anaambiwa asubiri. Akisubiri sana, yule mdaiwa anaona haya. Anaanza kukukwepa."

Marita akamkumbuka Shadrack, mdogo wake Hezron. Miaka miwili nyuma walimkopesha laki tatu anunue pikipiki. Pikipiki iliharibika, fedha haikurudi, na Shadrack naye hakurudi. Hata Krismasi alikuwa haji tena. Zamani alikuwa mtu wa kuwavunja mbavu kwa vichekesho nyumba nzima.

"Sasa nikuulize," Fausta akasema. "Hizo fedha ulizonazo zina kazi?"

"Kodi."

"Zikichelewa?"

"Hapa panakuwa duka la simu."

"Haya. Kaka yako asipolipa mwezi wa saba, utamdai?"

"Nimdai Enoka? Nitaanzaje?"

"Basi usiuite mkopo. Fedha ambayo huwezi kuidai umeitoa moja kwa moja. Je, unaweza kumpa kaka yako laki sita za bure, halafu mkala na kulala vizuri?"

"Siwezi."

"Basi jibu unalo."

"Nilikuwa nafikiri nimpe nusu."

"Nusu! Laki tatu hazimtoshi kulima ekari zile, na wewe hutakuwa na kodi. Mtakwama wote wawili. Toa kile ambacho hata kisiporudi hutamnunia. Kama ni elfu kumi, elfu kumi. Na mwambie wazi kwamba umempa, hukumkopesha. Siku ukiwa na fedha ya kukopesha kweli, andikeni: kiasi gani, kitalipwa lini, na kikichelewa mtafanyaje. Mumeo ajue, mkewe ajue. Wengine wanaona kuandika ni kumdharau ndugu. Mimi naona ni kumsaidia asisahau."

"Sasa jibu hilo nalitoaje, dada? Naona aibu."

"Aibu yako anailipia yeye," Fausta akasema, akainuka maana mteja alikuwa amefika kibandani kwake. "Anakusubiri wewe. Mtu anayesubiri hatafuti kwingine. Mvua iko njiani, mwenzio amekaa tu. Na hayo maharage yako, chumvi gani hiyo? Au unataka tununue na soda?"

Jioni ile, wakati Tumaini akiosha vyombo, Marita alimweleza Hezron maneno yale. Hezron alikuna kichwa.

"Mimi nakubali. Kodi ni kodi. Lakini tusimwache mikono mitupu."

"Una kiasi gani?"

"Nina elfu thelathini niliyolipwa kwa kupiga plasta."

"Mimi nitaweka ishirini ya mauzo. Iwe hamsini. Na hatutaidai."

"Hatutaidai," Hezron akasema. "Na usimpigie simu. Nenda. Neno kama hilo kaka mkubwa haambiwi kwenye simu."

Jumapili baada ya ibada Marita alipanda basi mpaka Vwawa, akachukua usafiri mwingine hadi Itaka. Alifika mchana. Enoka alikuwa anapalilia kahawa nyuma ya nyumba. Alipomwona dada yake alitupa jembe, akaja mbio.

"Marita! Umeleta mwenyewe? Si ungetuma kwa simu!"

Mkewe, Witness, akatandika mkeka, akaleta maji ya kunawa. Marita aliona akichelewa kidogo tu atashindwa. Akapiga moyo konde kabla hata ya kunywa uji.

"Kaka, sikuleta. Sitakukopesha zile laki sita."

Enoka akamtazama. "Umepanda magari mawili, umelipa nauli kwenda na kurudi, uje kuninyima?"

"Ndiyo, kaka."

Witness akaziba mdomo kwa khanga, lakini kicheko kilikuwa kimeshamtoka. Enoka hakucheka.

Marita akaeleza. Alitaja kodi, akataja tarehe, akamtaja yule kijana wa duka la simu. Alisema fedha zipo, hakudanganya. "Ila nikikupa, banda linakwenda. Na mwaka ukiwa mbaya, mimi siwezi kukudai wewe. Nitakununia tu moyoni. Sitaki nikununie."

Enoka akasema polepole:

"Yote hayo nayaelewa. Kodi nayo ni kodi. Lakini ungeniambia siku ile ile, Marita. Jumanne iliyopita alikuja mnunuzi, akataka yule ng'ombe wangu mtamba. Akataja laki sita na nusu. Nikamwambia hapana, dada yangu anajipanga. Akaenda zake."

Wiki mbili Marita alijificha akidhani anamhurumia kaka yake, kumbe alikuwa anamfunga miguu.

"Nisamehe, kaka. Kukunyima ni haki yangu. Kukuweka ukisubiri nimekukosea."

Enoka akashusha pumzi. "Haya. Umekuja mwenyewe. Wengine wangezima simu mpaka mavuno."

"Nakonde nako sikwenda," Marita akasema.

Hapo Enoka akacheka. Witness naye akaachia kicheko.

Marita akatoa bahasha. "Hii ni hamsini, mimi na shemeji yako. Tumekupa. Hakuna kulipa."

Enoka akarudisha mkono nyuma. "Mimi niliomba mkopo. Mimi siyo ombaomba."

"Lete huku, wifi," Witness akasema, akanyoosha mkono. "Mimi ni ombaomba."

Kisha wakakaa wote watatu wakapiga hesabu juu ya mkeka, kwa punje za mahindi. Ekari yake mwenyewe Enoka alikuwa ameshaiandikisha kijijini apate mbolea ya ruzuku. Zile za kukodi alikuwa hajaandikisha, mbolea yake angeinunua kwa bei kamili. Witness ndiye aliyesema kwamba ekari mbili za kukodi zilikuwa tamaa. "Na nani atapalilia? Mimi nina mikono miwili." Wakakubaliana akodi moja tu, aiandikishe kwanza, na mtamba auzwe mnadani.

Mtamba aliuzwa laki tano na themanini. Elfu sabini ilikuwa imekwenda na kusubiri. Marita alipoambiwa, alitaka kuifidia. Enoka akakataa. "Nawe ulipe kodi ya kuchelewa? Acha, tumefunzwa wote."

Tarehe moja Marita alimkabidhi mwenye nyumba kodi, akachukua risiti. Mvua zilikuja, zikakatika wiki tatu katikati, zikarudi. Enoka alivuna kiasi, siyo haba. Lakini mahindi yalikuwa mengi sokoni na bei ilikuwa chini. Aliuza magunia machache, mengine akayaweka. Alikuwa na nafasi ya kuyaweka, kwa sababu hakuwa akidaiwa na mtu.

Mwezi wa saba alikuja Tunduma, akaketi kwenye benchi kati ya madereva wawili. Hata salamu hazijaisha akasema:

"Mdogo wangu, jirani yangu anauza mashine ya mkono ya kumenyea kahawa. Nimepungukiwa laki mbili. Mwenyewe anataka jibu kesho asubuhi. Unayo au huna?"

Marita alimtazama Hezron aliyekuwa akinywa chai pembeni. Hezron akaonyesha kidole kimoja. Marita akaitikia kwa kichwa.

"Laki moja tunayo ambayo haina kazi mpaka Desemba. Ya pili hatuna."

"Laki moja ni ya kukopa?"

"Ya kukopa. Tunaandika, na Wifi Witness aambiwe."

"Andika." Enoka akavuta mwenyewe daftari la mauzo lililokuwa mezani, akaandika jina lake, kiasi, na tarehe ya mwezi wa kumi na moja, kahawa ikishalipwa. Chini yake akaongeza: nikichelewa, nitakuja kusema mwenyewe. Akatia sahihi, akampa Hezron naye atie.

"Na hiyo laki nyingine, kaka?" Marita akauliza.

"Kuna rafiki yangu Vwawa. Nikiondoka sasa hivi namkuta." Akasogea karibu na meza. "Nipakulie ugali haraka. Na dagaa uongeze, siyo kama wa mteja."