Pembe ya Nne ya Machela

Kuku mia mbili wa kijiji cha Mollo walikuwa wakimsubiri Atupele, na kuku hawana subira.

Saa kumi na mbili kasoro jioni, bibi shamba huyo alifunga deli la barafu lenye chanjo nyuma ya pikipiki ya Halmashauri, akavaa koti juu ya koti, akaondoka. Baridi ya Juni pale Ufipa haina mzaha. Inaingia kwenye tundu la kifungo na kukuuliza umekuja kwa nani. Lakini chanjo ya mdondo hutolewa jioni, kuku wakishaingia bandani. Ukijaribu kumkamata kuku wa Kifipa mchana, utahitaji kikosi na risala ya mkuu wa kikosi. Na barafu ndani ya deli ilikuwa inayeyuka.

Atupele alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu. Siku alipopangiwa kazi Sumbawanga, ukoo ulikaa kikao kama cha msiba. Shangazi yake alimfungia chumvi kwenye ncha ya kitenge, akamwonya asigombee kiti na mtu, asile kwa asiyemjua, asicheke radi. Miaka mitatu ikapita. Kitu pekee kilichomroga kilikuwa ugali wa ulezi, maana sketi zote alizotoka nazo Tukuyu zilikuwa zimegoma kufunga.

Kwa hiyo alikuwa akiimba alipoanza kushuka bondeni, kwenye ile kona yenye mikaratusi upande mmoja na mchanga upande wa pili. Wenyeji waliiita Kona ya Vitus. Hakuwahi kuuliza Vitus ni nani. Alidhani ni mwenye shamba.

Katikati ya kona alisimama mtu.

Alikuwa amempa mgongo. Atupele akapiga honi. Mtu hakugeuka. Akapiga tena. Hata bega halikutikisika. Akakata usukani...

Mchanga.

Alipofumbua macho, gurudumu la mbele lilikuwa bado linazunguka hewani. Tik... tik... tik... Mguu wake wa kulia ulikuwa umeelekea mahali ambako yeye hakuutuma. Kitu cha moto kilikuwa kikishuka pajani, na katika baridi ile ungeweza kukishukuru, kama hujui kwamba ni damu.

Akatazama barabarani. Hapakuwa na mtu.

Palikuwa na harufu. Atupele alisomea udongo miaka mitatu chuoni, akaulima mpaka ukamzoea kucha. Hii haikuwa harufu ya vumbi. Ulikuwa udongo wa chini kabisa, ule mwekundu, mbichi, unaokutana nao ukishachimba kupita kimo cha mtu. Akatafuta shimo kwa macho. Hakuliona.

Ndipo akasikia sauti za watu, na aliposikia mmoja wao analalamika kuhusu mgongo, alijua hao ni binadamu.

Walikuwa watatu, wakitoka kuvuna ulezi. Mama Otilia, mjane aliyevuka sitini. Isdori mdogo wake, mwenye ule mgongo unaouma. Na Basil, katekista wa kigango, aliyevaa gambuti na rozari. Hawakumjua Atupele kwa jina wala kwa ukoo. Otilia alipiga magoti mchangani, akavua kanga yake, akalifunga lile paja mpaka mguu ukafa ganzi. Atupele, meno yakigongana, akamwamkia shikamoo. Malezi ni kitu kibaya, hayakuachi hata ukiwa unakufa.

"Marahaba, mwanangu," Otilia akasema. "Sasa nyamaza. Usimalize pumzi kwa heshima."

Simu ya Atupele ilikuwa vipande. Ya Basil haikushika mtandao mle bondeni. Zahanati ilikuwa mbali, kilomita tatu na kidogo. Isdori akakata miti miwili ya mkaratusi, wakafunga blanketi walilobebea ulezi, wakamlaza juu yake. Machela ikawa tayari.

Halafu hakuna aliyeinua.

Kitongoji kile kina taratibu zake za machela, na kila mtoto anazijua kabla ya kujua Baba Yetu. Machela ina pembe nne, hubebwa na wanne. Ukikutana nayo njiani unatua mzigo wako, unamwendea mbebaji na kumwambia, "Nipe bega." Hawezi kukataa. Anakupa, kisha anatembea nyuma, akisubiri zamu yake. Na watu watatu hawainui kamwe. Maana pembe inayobaki haikai tupu. Huibeba asiyeitwa.

Isdori akashauri wangoje, bila shaka angepita mtu. Basil, ambaye kila Jumapili huyakemea mambo hayo mpaka mishipa ya shingo inasimama, alitazama barabara yote, akasema dakika tano haziui.

Otilia hakumtazama.

"Mwaka jana tulisubiri," akasema. "Shika."

Walipanga hivi: Otilia na Basil mbele, Isdori nyuma ashike miti yote miwili. Isdori akainama, akashika wa kulia, akasimama nao ili ajiweke sawa kabla ya kushika wa kushoto.

Pembe ya kushoto ikainuka yenyewe.

Taratibu. Sawasawa na zile nyingine.

"Dada," Isdori akanong'ona. "Mimi nimeshika mmoja tu."

"Tembea."

Wakatembea. Atupele alilazwa kichwa kikiwa nyuma, kwa hiyo alisikia kila kitu. Kandambili za Otilia, pa, pa, pa. Gambuti la Basil likinyonya mguu. Isdori upande wake wa kulia, akihema kama mashine ya kusaga. Upande wa kushoto, karibu kabisa na sikio lake... hapakuwa na hatua. Hapakuwa na pumzi. Ila ile harufu ya udongo wa chini. Kila baada ya mwendo kidogo wale watatu waliguna na kubadili bega. Pembe ya kushoto haikubadili.

Giza lilikuwa limeshaingia walipofika njia panda. Kulia ni zahanati. Kushoto ni makaburi ya kigango.

Machela ikavutwa kushoto.

Isdori akasema hakuwa yeye. Basil akaanza Salamu Maria, akafika katikati, akasahau, akaanza upya, akasahau palepale. Otilia alichimbia visigino, akavuta kulia kwa nguvu zote za mwili wake mdogo. Blanketi likapinda. Machela ikaenda kushoto hatua moja. Hatua ya pili.

Atupele alikuwa na mambo mawili ya kufanya, kuzimia au kukasirika. Akakasirika. Alifikiri juu ya barafu inayoyeyuka, na juu ya mama huyu asiyemjua, aliyebaki na gauni tupu kwenye baridi ile kwa sababu kanga yake ilikuwa imelifunga paja la mtu mwingine.

"Wewe wa nyuma kushoto," akasema. "Ukitaka kubeba, beba. Ukitaka kuongoza, kagombee uenyekiti wa kitongoji. Mimi nakwenda zahanati."

 Nyenje wakanyamaza.

Kisha pembe ya nne ikalegea, kama mtu aliyesutwa mbele ya watu. Wakakunja kulia, na gambuti la Basil halijawahi kukimbia vile tangu linunuliwe.

Tabibu wa zahanati alisema nusu saa zaidi, angekuwa anaandika cheti cha kifo. Wakati wakisubiri gari la kumpeleka mjini, Otilia alikaa kwenye benchi akimshika mkono, akamweleza taratibu za machela, na Vitus ni nani. Alikuwa kijana wa Wampembe, huko ziwani, akileta samaki wa migebuka mikavu kutoka Kipili kwa pikipiki na kuiuza nyumba kwa nyumba. Mwaka jana, msimu kama huu, alianguka pale konani. Waliomkuta walikuwa watatu. Hawahawa. Wakamsubirisha wa nne.

"Saa mbili nzima," Otilia akasema. "Alikufa akiuliza, wa nne amefika?"

Kwa hiyo, akasema, ndiye huyu anayebeba sasa. Isdori akatikisa kichwa kukubali. Atupele alitaka kuuliza mbona mchuuzi wa samaki hanuki samaki, lakini sindano ya tabibu ilimwahi.

Alilala hospitali wiki saba, akatoka na vyuma mguuni na fimbo mkononi. Wiki zote hizo Otilia alipanda gari la mnada kila Jumamosi kumletea uji wa ulezi. Shangazi wa Tukuyu, kwenye simu, akamwambia asiunywe. Atupele akamjibu kwamba alishamaliza kikombe cha pili. Basil ndiye aliyebeba lile deli usiku uleule mpaka Mollo, na kina mama wakachanja wenyewe. Walikufa kuku wawili tu, na mmoja wao alikuwa na mchuzi.

Ndugu zake wakaandika barua ya uhamisho kwa niaba yake, tayari kwa sahihi. Akaitumia kuwashia jiko. Oktoba ilipoingia akaenda kwa Otilia, akaweka fimbo mlangoni, akasema anataka wampeleke Vitus zahanati.

Isdori alimtazama kama anatazama homa. Akamkumbusha kwamba yule kijana alishazikwa kwao Wampembe, kwa padre na kila kitu.

"Alizikwa," Atupele akasema. "Hakupelekwa."

Otilia akanyanyuka, akaenda kuchukua blanketi.

Walifika konani saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, maana Basil alisema yeye saa nyingine hana nafasi. Wakatandaza machela mchangani. Atupele alikatazwa na daktari kubeba hata ndoo, kwa hiyo alisimama nyuma na fimbo yake. Otilia akainama, akaongea kama anayemwamsha mtoto.

"Vitus, baba. Tumekuja. Leo hatusubiri mtu."

Wakainua watatu. Pembe ya nne ikainuka.

Isdori akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Juni. Akasema Vitus yupo, ameshika pembe yake.

Ndipo blanketi likaanza kushuka katikati. Kidogo... kidogo tena... mpaka miti ikalia. Magoti ya Basil yakapinda. Na kutoka mle ndani, kwenye blanketi tupu, ikapanda harufu ya migebuka mikavu.

Vitus alikuwa amelala ndani.

 Walitembea. Atupele akahesabu kwa vidole, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mbele, Otilia na Basil. Nyuma kulia, Isdori. Ndani, Vitus. Nyuma kushoto...

Udongo wa chini. Mbichi.

Miezi minne walikuwa wakimshukuru Vitus, kumbe mbebaji hakuwa yeye.

Na yule aliyesimama katikati ya kona, amempa mgongo? Hakulimaliza wazo hilo. Walikuwa wamefika njia panda.

Safari hii ilivutwa kwa nguvu. Viatu vya tairi vya Isdori vikachora mistari miwili mchangani. Basil akaanguka goti moja. Otilia alikuwa akilia bila sauti, akisema hapana, huyu hapana, huyu tulishamkosea mara moja. Machela ikaenda kushoto. Ikaenda tena.

Atupele akatupa fimbo.

Akaingiza bega lake chini ya mti. Palikuwa na bega jingine pale. Baridi, lenye unyevu, zito kama ukuta uliokandikwa asubuhi. Yakagusana.  Akaikumbuka chumvi ya shangazi, iliyobaki chumbani kwake ndani ya kitenge kisichomtosha tena. Halafu akakumbuka kitu bora kuliko chumvi.

"Nipe bega," akasema.

Upepo ukakata.

"Nimesema nipe bega. Unazijua taratibu kuliko mimi."

Kwa muda mrefu hapakutokea kitu. Kisha lile bega likateleza, polepole, likimwachia udongo kwenye shingo... na uzito wote ukamwangukia kama magunia ya ghala. Vyuma mguuni vikapiga kelele. Yeye akapiga zaidi. Wakakunja kulia, wanne, wakiguna na kubadili bega, mpaka kwenye benchi la zahanati.

Walipoishusha ilikuwa nyepesi kama nguo. Basil akafunua blanketi. Magamba matatu ya samaki, makavu. Tabibu akatoka mbio kuuliza mgonjwa yuko wapi.

"Ameshafika," Otilia akasema, akakaa chini, akajifuta macho kwa kanga.

Walirudi jua likizama. Wale watatu walitangulia, wakibishana nani amebeba zaidi. Atupele, ameshaokota fimbo yake njia panda, alikuwa nyuma kidogo, kwa sababu ya mguu. Mguu, mguu, fimbo. Mguu, mguu, fimbo. Ndipo harufu ile ikamfikia, na kwa mara ya kwanza akakumbuka nusu ya pili ya taratibu.

Aliyetoa bega hutembea nyuma. Akisubiri zamu yake.

Hakugeuka. Akapangusa udongo shingoni, akausugua kati ya vidole kama alivyofundishwa chuoni, akaunusa, akautupa pembeni.

"Zamu yako bado, bwana," akasema. "Na kesho nina kuku wa kuchanja."

Akaanza kuimba, wimbo uleule wa Juni, kuanzia pale ulipokatika. Nyuma yake kitu kikaendelea kumfuata, bila hatua, bila pumzi.

Hakuongeza mwendo.