Uzi Mwekundu wa Kambi

"Koti limechafuka." Kwenye simu alikuwa Mama Mkubwa, kiongozi wa chama cha siri; kwa lugha yao, koti ni orodha ya wanachama, kuchafuka ni kuibwa. "Lina majina arobaini. Saa tano linafika kwa Inspekta."

"Nani kalichafua?"

"Mmoja wetu. Hatumjui. Mtafute, umalize."

Simu ikakatwa.

Kwa mji mzima, aliyeshika simu alikuwa Dobi tu. Kwa chama, ndiye aliyetumwa maneno yakiisha. Na jina la kwanza katika orodha hiyo lingekuwa la dada yake, mpiga taipu wa Inspekta na jicho la chama ndani ya kituo. Kamba za mkoloni hazikuchagua shingo.

Saa nne na robo.

Mlango ukasukumwa. Mume wa dada yake.

"Shemeji! Bado unawanyooshea wakubwa suruali?"

"Suruali zinanyooka. Wenyewe ndio wamenishinda."

Wakacheka. Shemeji akainama kuwasha sigara kwenye mkaa wa pasi. Kola ikageuka.

Uzi mwekundu!

Alama ile Dobi aliishona mwenyewe, kwa nguo za kambi ya polisi tu. Shati hilo alilifua juzi kutoka kapu la kambi, akidhani ni la askari kanzu.

Kumbe hakukosea.

"Juzi ulilala wapi, shemeji?"

Tabasamu likafa. Mkono ukaingia kotini, ukatoka na bastola ya Webley.

Dobi akaibamiza pasi juu ya mkono ule. Nyama ikaungua. Risasi ikapasua beseni la wanga. Shemeji akamrukia, akamgongesha ukutani mara mbili, mdomo ukapasuka. Dobi akapapasa, akashika kamba ya kuanikia, akamzungushia shingoni.

"Waliapa... hawatamgusa mke wangu!"

"Na wewe ukawaamini, mjinga wee!"

Alilia huku anavuta. Hakuacha mpaka miguu ilipotulia.

Orodha ilikuwa soksini mwa shemeji. Akaitia kwenye mkaa wa pasi.

Mtaa mzima ulisikia risasi. Mtaa mzima ukanyamaza.

Saa tano kamili alimkabidhi Inspekta sare yake, imenyooka.

"Mdomo umefanya nini?"

"Mvuke, bwana."

Inspekta alitazama saa, kisha mlango.

Nje ya ofisi, dada aliinua uso kutoka kwenye taipu. "Kaka, mume wangu kapita kwako?"

"Kapita."

Akamwekea mezani kola iliyokatwa ya shati la mumewe, uzi mwekundu juu. Dada alizijua alama za kaka yake. Aliitazama mpaka macho yakajaa, akaifutika kifuani, akarudisha vidole kwenye taipu.

"Inspekta anasubiri mgeni," alisema.

"Atasubiri sana."

Dobi akamdai mlinzi kapu la nguo chafu za kambi, akalitia begani, akaondoka taratibu.