Kinyozi Ajifunza Kupumua

Ugonjwa wa mlipuko ulipoingia mjini, saluni zote zilifungwa. Kinyozi akarudi nyumbani na mashine zake mbili na wasiwasi wa mtaa mzima.

Mkewe, fundi cherehani, alishona barakoa sebuleni. Binti yao wa miaka tisa alisomea mezani. Kinyozi hakuwa na kazi, akajipa moja: kuwalinda. Redio iliwaka tangu alfajiri. Kila baada ya habari alifuta vitasa vya milango. Hata sabuni aliiosha kwa sabuni.

Mchana mmoja binti alipaliwa na chai, akakohoa mara mbili. Baba akamhamishia stoo, akampigia simu muuguzi jirani mara nne. Muuguzi alikuja, akasimama mlangoni.

"Ana homa?"

"Hana."

"Alikuwa akifanya nini?"

"Akinywa chai."

"Basi mtoe stoo, amalize chai yake."

Tangu siku hiyo mkewe alikwenda kupiga chafya chooni. Siku moja kinyozi alifungua kabati la nguo, akamkuta binti ndani, amejifunika shuka usoni.

"Unafanya nini humo?"

"Nakohoa kidogo, baba. Sikutaka ujue."

Maneno hayo yalimchoma. Akatoka uani. Upande wa pili wa ukuta, muuguzi alikuwa akianika nguo.

"Dada, mtoto wangu ananiogopa mimi kuliko ugonjwa."

"Kaka, mikono yako ni safi. Sasa tuitulize akili," alisema muuguzi. "Sikiliza habari mara moja tu kwa siku. Halafu kaa wima, legeza mabega. Vuta pumzi kwa pua, itoe taratibu. Hesabu pumzi moja mpaka kumi, kisha anza upya. Dakika tano asubuhi, tano jioni."

"Na mawazo yakija?"

"Yatakuja. Usigombane nayo. Rudi kwenye pumzi."

"Hiyo inazuia ugonjwa?"

"Haizuii. Barakoa na sabuni viko palepale. Hii itakusaidia kuvitumia bila kumfungia mtu stoo."

Siku ya kwanza kinyozi alifika tatu, akamkumbuka mteja aliyemwacha amenyolewa upande mmoja. Akarudi kwenye moja. Siku ya pili alianza kukoroma. Mkewe akamgusa bega.

"Umefika ngapi?"

"Mia mbili."

Hakuacha. Wiki ya pili alifika kumi. Wiki ya tatu alisahau kufuta vitasa asubuhi nzima, na hakuna aliyemkumbusha.

Kisha siku moja binti alikuja, akasimama mbele yake.

"Baba, koo linaniuma. Na mwili una joto."

Moyo wa kinyozi ulikwenda mbio. Akavuta pumzi, akaitoa. Akavaa barakoa, akafungua madirisha, akampima mtoto joto, akampigia muuguzi simu mara moja tu.

Muuguzi alifika na kipimo. "Si ule ugonjwa," alisema. "Ni mafindofindo. Atapata dawa, na anywe maji mengi."

Jioni mama alimuuliza binti, "Mbona hukuniambia mimi kwanza?"

"Wewe ungeshtuka, mama."

Mama aliacha kushona. Akazima taa ya cherehani, akavuta kiti, akakaa kando ya mumewe.

"Haya," alisema. "Naanzia ngapi?"

"Moja," alijibu kinyozi. "Na ukifika mia mbili, ujue umelala."