Siku Tatu za Uongo Daftarini

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Peninah alipasha maji moto jikoni kwa mwalimu wake, Mwalimu Mbaka. Aliiweka chupa ya mwalimu ndani ya maji hayo, akaitikisa mara mia, kisha akaandika daftarini. Ndani ya chupa mlikuwa na jiwe lililosagwa na kulowekwa katika maji ya kahawia yaliyotiwa chumvi ya chuma. Maji hayo, mwalimu alieleza, huitoa shaba ndani ya jiwe polepole, mradi yasipoe.

Jiwe lilikuwa la Mzee Kithaka wa Kiritiri. Huo ulikuwa mwaka wa 1955, wakati wa Imajensi, serikali ya kikoloni ilipopigana na Mau Mau, na mzee alilazimika kuomba kibali cha kusafiri ili alilete kwa mwalimu huko Kanja, ajue kama lina shaba.

Wiki ya pili, wanakijiji wote, hata watoto, walitolewa na askari siku tatu kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, la kuwazuia wapiganaji. Peninah alirudi hoi, viganja vimechubuka. Chupa ikapoa. Kwa kuogopa kugombezwa, akaandika siku zote tatu: "Nimepasha. Nimetikisa."

Siku ya kupima, Mzee Kithaka alirudi, na mwalimu akachuja maji, akatumbukiza msumari safi. Kama shaba ilikuwa imetoka, ingeugandia msumari na kuufanya mwekundu. Walingoja hadi adhuhuri. Msumari ukawa mweusi tu.

"Pole, mzee," mwalimu alisema. "Jiwe lako halina kitu."

Mzee Kithaka akaanza kufunga mfuko wake. Peninah akasogea mbele.

"Mwalimu, jiwe halina kosa! Nilidanganya. Zile siku za handaki sikupasha maji."

Mwalimu akamgeukia mgeni. "Mzee, unaweza kurudi tena?"

"Nitaomba kibali kingine," alisema Mzee Kithaka.

Wakaanza upya na chupa nyingine. Peninah hakukosa hata siku moja. Mzee aliporudi, maji yalikuwa yamegeuka kijani, na msumari ulipotolewa ulikuwa umevaa wekundu wa shaba. Mzee aliugusa kwa kidole, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Shaba ipo," mwalimu alisema. "Kama ni nyingi au kidogo, wataalamu watapima." Kisha akamwita Peninah. "Kuitwa handakini hakukuwa kosa lako, mwanangu. Ungeziacha siku hizo tupu, ningejua tungoje zaidi. Lakini uliandika, nami nikaamini, na mzee wa watu nusura aende zake akiwa amekata tamaa bure. Andika kilichotokea, hata kama ni neno moja tu: sikufanya."