Alama Tisa za Asta

Kila Alhamisi baada ya masomo, Asta Lindgaard alifunga baiskeli yake nje ya maktaba ya Hejlskov, akakung'uta koti lake la mvua, kisha akaingia chumba cha watoto. Huko ndiko kulikokuwa na meza ya wapimaji.

Wapimaji walikuwa wanafunzi sita. Kila wiki wawili kati yao walijenga seti mpya ya matofali ya plastiki ya kuchezea, kila mmoja na boksi lake, kisha wakaandika kadi. Je, vipande vinabana vizuri? Kijitabu cha maelekezo kinaeleweka? Kitu kikishajengwa kinachezeka, au kinafaa kutazamwa tu? Bei inastahili? Kadi ilibandikwa mlangoni. Hejlskov ni mji ambao kila nyumba ina droo iliyojaa matofali hayo, na watu walisoma kadi ile kwa makini kabla ya kutoa hata kroni moja.

Asta alikuwa na miaka kumi na miwili na alisifika kwa kasi. Alhamisi iliyopita alikuwa amejenga kituo cha treni chenye daraja kwa dakika hamsini tu. Alikipa alama tisa kati ya kumi.

Leo alipoingia, Bodil, mkutubi aliyewasimamia, alikuwa ameshika kadi mbili.

"Asta ametoa tisa," Bodil alisema. "Villads ametoa tatu. Anasema daraja halisimami."

"Halisimami kwake," alisema Malthe, mvulana mrefu aliyekaa karibu na dirisha. "Huyu ana mikono ya siagi. Juzi aliangusha hata maziwa yake kantini."

Wengine wakacheka. Villads hakucheka. Alikuwa mdogo kuliko wote pale mezani, naye alikuwa amengoja mwaka mzima kupata kiti.

"Kanuni mnaijua," Bodil aliendelea. "Alama zikipishana sana, aliyetoa ndogo anajenga tena mbele yetu. Daraja likisimama, kadi ya Asta inabandikwa, na Villads anampisha mwingine hadi baada ya Krismasi. Haya, Villads, anza ukurasa wa ishirini na sita. Nguzo ulizozijenga wiki iliyopita bado zipo."

Asta alivuta kiti. Mkono wake ukaingia mfukoni mwa koti, mahali alipozoea kubeba matofali machache ya zamani ya kuchezea vidoleni akiwa darasani. Ndipo alipokumbuka alichokifanya Alhamisi ile.

Alipofika ukurasa wa thelathini na moja, daraja lilikuwa limebonyea katikati. Hakusimama kufikiri. Alichomoa mfukoni vipande viwili virefu bapa, akavibana chini ya daraja, likanyooka, akaendelea. Hata nyumbani alifanya hivyo kila mara. Wakati wa kubomoa alivirudisha mfukoni, na kwenye kadi akaandika: daraja ni imara.

Ni vipande viwili tu, alijiambia. Labda Villads kweli hakazi vipande vizuri. Labda leo litasimama.

Villads alijenga polepole. Kila kipande alikilinganisha na picha, akahesabu vinundu vilivyo juu yake kwa ncha ya kidole, ndipo akakibana. Ukurasa wa ishirini na nane. Wa ishirini na tisa. Asta alimtazama akitafuta kosa lolote, hata dogo, na hakuliona.

"Kwa mwendo huu tutakula chakula cha jioni hapa hapa," Malthe alisema.

"Mwache ajenge," Bodil alisema.

Ukurasa wa thelathini na moja. Daraja likabonyea. Villads akafuta viganja kwenye suruali, akachukua treni ndogo, akaiweka juu yake taratibu. Pakasikika mlio mdogo, tak, kisha daraja likakatika katikati na vipande vikatawanyika hadi sakafuni.

"Si nilisema?" Malthe alisema. "Siagi."

Villads alipiga magoti, akaanza kuokota. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Nimefuata kijitabu," alisema kwa sauti ya chini. "Sijui ninakosea wapi. Labda kweli siwezi. Nitampisha mwingine."

Kama Asta angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Kadi yenye alama tisa ingebandikwa mlangoni na hakuna ambaye angejua.

"Hujakosea," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea." Akaweka vipande viwili bapa juu ya meza. "Langu pia lilibonyea. Nikaongeza hivi vya kwangu chini, halafu sikuviandika."

Villads alibaki na kiganja kilichojaa matofali.

"Kwa hiyo wiki nzima umeniacha nijione mjinga," alisema.

"Niliondoka kabla hujamaliza, nilikuwa sijui kama lako limeanguka. Leo nilijua, na bado nikasubiri." "Nisamehe, Villads."

Villads alimsogezea vipande. "Jenga basi. Vya boksi peke yake."

Asta alijenga, safari hii bila haraka. Treni ilipopanda, daraja likakatika palepale. Bodil aliinama, akatazama chini ya daraja. Vipande vya katikati vilishikana kwa safu moja tu ya vinundu.

Waliandika kadi mpya pamoja. Rangi zinapendeza. Milango ya kituo inafunguka vizuri na kijitabu kinaeleweka. Daraja halibebi treni, isipokuwa ukiongeza vipande viwili virefu vya kwako. Kwa kroni mia nne, alama tano. Asta alitaka nne, lakini Villads alisema milango ile isionewe.

Malthe alinyanyuka, akaokota kipande kilichobaki chini ya meza, akakiweka mbele ya Villads.

"Na kiti changu?" Asta aliuliza.

"Kanuni inasema vipande vinavyowekwa mezani ni vya boksi tu," Bodil alijibu. "Wiki mbili zijazo utakaa pembeni, umwandikie Villads wakati anapojenga. Kisha utarudi." Alibandika kadi mlangoni, akaisawazisha kwa kiganja. "Una mikono mizuri, Asta, na kurekebisha kitu kibovu si kosa. Kosa ni kukirekebisha kimyakimya halafu ukakisifu. Anayesoma kadi hii atanunua boksi. Mikono yako haimo ndani yake."