Kitabu Kilichofungiwa Kabatini

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, darasa la sita waliingia maktaba ya shule kueleza vitabu walivyosoma. Maktaba ilikuwa chumba kimoja chenye rafu tatu za mbao, na kitabu hakikuruhusiwa kutoka nje. Ulikisoma humo humo, wakati wa mapumziko au baada ya masomo. Kila mmoja alisimama, akasema kilichompendeza na kilichomchosha, akakaa.

Aliyesubiriwa kwa hamu ni msichana mmoja mwembamba ambaye hata nyumbani walimwita Hakimu, maana hakuacha kitu bila kukitolea hukumu: mchuzi, viatu vya kaka yake, hata sauti ya mtangazaji wa redio. Kuhusu diwani moja ya mashairi alisema maneno ni matamu, ila mshairi anaulilia mwezi mpaka msomaji anatamani wingu lipite. Kitabu cha magonjwa ya tumbo alikisifu kwa kumfanya anawe mikono bila kukumbushwa, kazi iliyomshinda mama yake kwa miaka. Hadithi ya mizimu haikumtisha. Mzimu mwenyewe alikuwa na maneno mengi mno. Wenzake walicheka, na walimwamini. Alichokisifu kiligombaniwa, alichokiponda kilibaki rafuni kikila vumbi.

Wiki moja alichukua riwaya mpya ya upelelezi. Saa ya dhahabu ya mkurugenzi imepotea ofisini. Katika sura ya tatu wakubwa wanamwita mfagizi, wanamwaga mkoba wake mezani, wanazicheka kandambili zake na kitambaa chake kilichochanika. Hakimu alihisi masikio yakimwaka moto. Mama yake alikuwa mfagizi wa ofisi, na kila jioni alirudi na vidole vilivyopasuka kwa dawa ya kusafishia sakafu. Alikifunga kitabu kwa kishindo, akakirudisha mahali pake, hakukifungua tena.

Ijumaa akasimama nacho mkononi na kusema ni takataka. Mwalimu wa maktaba alimuuliza kama amekisoma chote. Chote, akajibu. Akaulizwa kinaishaje.

Hapo angeweza kusema hajui. Lakini alikuwa na hasira, na darasa zima linamtazama. Akasema mfagizi anafungwa jela, wakubwa wanafanya sherehe, na mwandishi anaona sawa tu.

Mwalimu wa maktaba alikunja uso. Vitabu vipya vilikuja vingi kwa mpigo na hakuwa amevimaliza kuvipitia. Alisema kitabu cha namna hiyo hakitakaa mbele ya watoto mpaka akisome mwenyewe. Akakitia kabatini, akafunga kwa ufunguo.

Walipotoka, Hakimu alizuiwa njia kwenye varanda na mvulana wa dawati la nyuma, waliyemwita Kimya. Kimya alisoma polepole, kidole juu ya mstari, na kwa sababu hiyo alichekwa sana. Hakuwa mtu wa kugombana, lakini sasa hakumpisha.

"Umekisoma mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho. Hukusikia?"

"Mwongo. Mimi niko sura ya kumi na moja. Mfagizi ameachiwa tangu sura ya nane."

Hakimu alisema labda wanamkamata tena. Kimya hakucheka.

"Sijawahi kufika katikati ya kitabu kikubwa," alisema. "Hiki nilikuwa nakiwaza hata nikiwa kitandani. Umekifungia kwa mdomo wako."

Hakimu alikwenda nyumbani amefura. Alimkasirikia Kimya, akakikasirikia kitabu, na zaidi alikasirika kwa kuwa Kimya amesema kweli. Alimkuta mama yake akikunja nguo, akamsimulia yote, akitarajia kusifiwa; si alikuwa amemtetea?

Mama aliiweka chini nguo aliyoishika.

"Unakumbuka ule mwezi nilioshinda nyumbani, nikawaambia niko likizo? Haikuwa likizo. Simu ya mtu ilipotea ofisini, na bwana mmoja akasema ameniona nikiitia mfukoni. Siku hiyo hakuwa hata kazini. Moyo wake ulishaamua, basi akaongezea macho. Simu ilikuja kuonekana kwenye gari la mwenyewe."

"Lakini mama, walimcheka yule mfagizi."

"Basi kasirika. Kasirika mpaka utosheke. Ila usiitungie hasira yako ushahidi. Nilifanyiwa hivyo, na sitaki mwanangu amfanyie mtu, hata mtu wa kitabuni."

Jumatatu, kabla ya masomo, Hakimu alikuwa mlangoni mwa maktaba. Mwalimu alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akamwambia waziwazi kwamba amekasirishwa: na yeye kwa kudanganya, na nafsi yake kwa kufungia kitabu kwa maneno ya kusikia. Akakitoa kabatini. Aliagiza Kimya amalize kwanza, ndipo Hakimu akisome chote, na kosa lililofanywa mbele ya darasa lirekebishwe mbele ya darasa. Kimya alisoma polepole kuliko kawaida yake, na Hakimu, aliyekaa akimsubiri, aliamini ni makusudi.

Siku ilipofika, alisimama mbele ya darasa. Alisema alidanganya, hakupita sura ya tatu, na mwisho ule aliutunga. Mtu mmoja aliguna. Akaendelea.

"Mfagizi hafungwi. Aliyeiba ni mpwa wa mkurugenzi. Lakini sasa nimekisoma mpaka mstari wa mwisho, na nimekasirika kuliko mwanzo. Mpelelezi anapewa zawadi, mkurugenzi anarudishiwa saa yake, na mama wa watu aliyemwagiwa mkoba haombwi radhi na yeyote. Mwandishi amemsahau."

Kimya alinyoosha mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikiri kwamba hilo halikuwa limempitia akilini, na ni kweli. Hata hivyo, zile mbio za juu ya mapaa wakati wa mvua ndizo tamu kuliko yote aliyowahi kusoma, na hapo habanduki. Hakimu akasema mbio zimerefushwa mno. Walibishana mpaka kengele ikalia.

"Kitabu kimoja, huyu akipende na yule akichukie, na wote wawe wakweli," mwalimu wa maktaba aliwaambia wakiinuka. "Asiyekisoma ndiye hana la kusema. Leo nimeiheshimu hasira ya Hakimu, kwa sababu kila alilolisema naweza kulifungua nikalikuta."

Jioni Hakimu alimsimulia mama yake kitabu chote bila kuongeza wala kupunguza. Mama alikuwa akijipaka mafuta vidoleni.

"Kwa hiyo hakuna aliyemwomba radhi," alisema.

"Hakuna."

Mama alifunika kopo la mafuta. "Na mimi pia," alisema. "Mpaka leo."

Hakimu akasogea, akaketi karibu naye. Walikaa wamekasirika pamoja, na hasira yao haikuhitaji kuongezewa neno lolote.